Mtoto Aliyezaliwa Utumbo Nje: Kadari ya Allah na Dhima Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahiim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Tumepokea swali kutoka kwa kijana mmoja wa kaskazini ya Pemba, na kwa idhini yake tunalitoa hadharani, jina lake tukiliacha. Mke wake, mwenye miaka 18, alijifungua uzazi wake wa kwanza usiku, kwenye kituo cha afya. Mtoto alilia vizuri, viungo vyake vizima, isipokuwa pembeni ya kitovu palikuwa na tundu na utumbo wote uko nje, umelala juu ya tumbo bila ya ngozi wala utando. Mkunga akasema apelekwe hospitali kubwa saa ile ile. Wazee wa nyumbani wakasema mtoto wa namna hii haishi, asihangaishwe, aachiwe Mola wake; na mmoja wao akaongeza neno juu ya mama wa mtoto ambalo hatutaliandika hapa. Kulipokucha wakageuza shauri, wakatafuta gari, kisha boti. Mtoto alifariki siku ya pili, mwili umepoa na midomo imekauka, hajafika kwa daktari wa upasuaji. Sasa anauliza: Je, nimeua? Je, nina kafara? Na je, nimfanyie akika mtoto ambaye hakuifikia siku ya saba?

Tutamjibu, inshaallah. Lakini swali hili halimhusu yeye peke yake, na tukilijibu kwa mistari miwili tutakuwa tumewaachia mzigo vijana wawili, na jamii nzima tumeinawisha mikono.

Hali yenyewe ni ipi

Wengi wanaichanganya na ngiri ya kitovu, ile inayowapata watoto wetu wengi, kitovu kikatokeza na mara nyingi kikarudi chenyewe mtoto akikua. Hii siyo hiyo. Ukuta wa tumbo hukamilika mapema sana mtoto akiwa ndani ya kizazi, na mara chache haukamiliki. Hapo hutokea moja ya sura mbili. Ya kwanza madaktari wanaiita gastroskisisi: tundu dogo, kwa kawaida kuliani mwa kitovu, ambalo utumbo umepita na kuelea ndani ya maji ya uzazi bila ya kifuniko chochote. Ya pili ni omfaloseli: viungo vimetoka kupitia kitovu penyewe, vimefunikwa na utando mwembamba unaong'ara, na ndani yake huweza kuwamo utumbo na hata ini.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mtoto wa omfaloseli mara nyingi huwa na kasoro nyengine pamoja nayo, ya moyo au ya chembe za urithi, na hatima yake hutegemea zaidi hizo kuliko tumbo. Mtoto wa gastroskisisi kwa kawaida ni mzima wa kila kitu kisichokuwa utumbo. Akipona, aghalabu anaishi kama wenzake: anakwenda chuoni, anacheza mpira, anaoa. Yule mtoto wa Pemba, kwa maelezo ya baba yake, alikuwa wa aina hii.

Na kinachomuua si lile tundu. Utumbo ulio wazi unapoteza maji na joto kama nguo mbichi iliyoanikwa kwenye upepo. Ndani ya saa chache mtoto anapoa na kukauka, vijidudu vinaingia, na utumbo ukijisokota kwenye ukingo wa tundu damu haipiti na sehemu yake hufa. Akivuka hapo, bado utumbo uliokaa miezi ndani ya maji ya uzazi huwa umevimba, na huchukua wiki kadhaa kuanza kazi. Katika wiki hizo hawezi kunyonya. Asipolishwa kwa njia ya mshipa wa damu, anakufa kwa njaa huku maziwa ya mama yake yakimwagika kwenye kanga.

Kwa hiyo tiba yake ni vitu ambavyo ukivitaja kimoja kimoja havishangazi: kumfunika, kumpa joto, dripu, dawa za kuzuia vijidudu, mrija wa kutoa uchafu tumboni, mfuko maalumu wa plastiki unaoning'inizwa juu yake ili utumbo urudi ndani taratibu kwa siku kadhaa, kufunga tundu, na kulishwa kwa mshipa mpaka aweze kunyonya. Ugumu uko katika kuvikusanya vyote mahali pamoja, kwa wakati, na muuguzi asiyelala.

Tisa kwa kumi

Mwezi wa Julai 2021 jarida la tiba la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, ukiwafuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula. Katika nchi tajiri, kati ya watoto 139 wa gastroskisisi walifariki 2. Katika nchi za kipato cha kati walifariki 97 kati ya 304. Katika nchi masikini walioingia kwenye hesabu walikuwa 10, wakafariki 9.

Kumi ni idadi ndogo, na mwenye kujua hesabu ataipokea kwa tahadhari. Lakini haisimami peke yake. Mwaka 2016 madaktari wa Kampala waliandika habari za watoto wa gastroskisisi waliopokelewa hospitali ya Mulago, na karibu wote walikuwa wamefariki. Na hao ndio waliofika. Aliyefia njiani, au aliyezikwa uwanjani kwa babu yake kabla ya adhuhuri, hayumo katika daftari la mtu yeyote.

Tanzania yetu tangu Julai 2020 imewekwa na Benki ya Dunia katika daraja la kipato cha kati cha chini. Alhamdulillah. Lakini daraja hilo halimbebi mtoto kumtoa Micheweni na kumvusha bahari.

Tuziangalie tena namba hizo: wawili kati ya 139, na tisa kati ya kumi. Kasoro ni moja, Muumba ni mmoja, uzito wa mtoto ni ule ule. Wala watu wa nchi hizo hawakuanza hivyo. Mpaka miaka ya 1960 watoto wao wengi wa namna hii walikuwa wakifa kama wanavyokufa wetu. Mwaka 1967 daktari wa Boston, Samuel Schuster, aliandika njia ya kuvirudisha viungo hatua kwa hatua kwa kutumia kifuniko cha bandia, badala ya kuvisukuma vyote ndani kwa siku moja na kumbana mtoto pumzi. Mwaka uliofuata Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia wakaeleza jinsi walivyomlisha mtoto mchanga kwa mshipa, akakua. Zikapatikana mashine za kupumulia na vyumba vya watoto mahututi, na kifo kikawa nadra. Kati ya sisi na wao ni kama miaka 60. Na mtu akisema mtoto wa namna hii haishi, anaelezea hali ya mahali alipo, wala haelezei maumbile aliyoumbwa nayo mtoto.

Neno la "kazi ya Mungu"

Sisi tumesomeshwa katika madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu), na tunajua watakaotujibu watasimama wapi. Vitabu tulivyosoma vinasema kujitibu ni sunna na si wajibu, na wapo waliosema kuacha dawa kwa kumtegemea Allah ni bora zaidi kwa mwenye yakini yenye nguvu. Hayo yamo, hatuyafichi. Lakini yasomwe pamoja na sababu yake. Wanavyuoni hawakuifanya dawa kuwa wajibu kwa kuwa dawa za zama zao zilikuwa za kudhania: huenda zikafaa, huenda zisifae. Chakula kwa mwenye njaa hawakukiweka hapo. Imam Ghazali katika Ihya, kwenye mlango wa tawakkul, amezigawa sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu: za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, za dhana, kama dawa za matabibu, na za kuwazika tu. Akaeleza kuwa kuacha sababu ya yakini pale mauti yanapohofiwa si tawakkul, bali ni haramu. Na katika madhehebu yetu imo kauli kwamba jeraha linalohofiwa kuua, kulitibu ni wajibu, na Imam Baghawi amesema dawa ikijulikana kwa yakini kuwa itaponya, basi inakuwa wajibu.

Sasa tumuweke mtoto huyu kwenye mizani hiyo. Tiba inayowaokoa watoto 137 kati ya 139 iko daraja gani? Nasi hatuoni kuwa mtu mkweli anaweza kuiita dhana. Na sehemu kubwa ya tiba yenyewe ni maji, joto na chakula, yaani daraja ya kwanza kabisa ya Ghazali. Mtoto mchanga tena hana tawakkul ya kujichagulia. Mtu mzima anaweza kusema mimi nasubiri. Mtoto hawezi kusubirishwa na mwengine kwa imani ya mwengine huyo.

Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikaa Jeddah mwaka 1992 na kutoa azimio namba 67 kuhusu matibabu. Ndani yake kuna mambo mawili tunayoyahitaji. La kwanza, tiba inakuwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kufa au kupoteza kiungo. Na mgonjwa asiyeweza kujiamulia huamuliwa na walii wake, lakini kukataa kwa walii hakuzingatiwi kukiwa na madhara ya wazi kwa mgonjwa. Haki huhamia kwa walii mwengine, kisha kwa mtawala. Kwa hiyo babu, ami au somo hana mamlaka ya kisheria ya kusema "mwacheni". La pili ndilo lililotushughulisha zaidi. Azimio linasema kuwa hali ya kukatiwa tamaa hupimwa kwa makadirio ya madaktari na kwa uwezo wa tiba uliopo katika kila zama na kila mahali. Kwa mahali! Maana yake mtoto mmoja huyo huyo anaweza kuwa si wa kukatiwa tamaa Muscat, akawa wa kukatiwa tamaa kwenye kisiwa kidogo chenye boti moja kwa siku.

Mzazi ana nafuu hapo. Ikiwa daktari mwaminifu amesema uwezo haupo na safari itamuua njiani, hana dhambi kumkumbatia mwanawe, kumpa joto, kumtuliza maumivu na kumuombea. Allah haikalifishi nafsi ila kwa uweza wake. Lakini sisi wengine hatutoki kirahisi hivyo. Kama kukatiwa tamaa kwa mtoto huyu kumeletwa na mahali, na mahali panaweza kubadilishwa, basi kupabadilisha ni fardhi kifaya, na fardhi kifaya isiposimamishwa na yeyote dhambi inawaenea wote wenye uwezo. Sayyidna Umar (r.a.) aliporudi njiani asiingie Sham yenye tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Boti nayo ni kadari. Dripu nayo ni kadari.

Usiku ule wa kwanza

Tumeona tuandike mambo haya kwa urefu kidogo, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wazazi, na masheikh ndio wanaopigiwa simu mwanzo.

Utumbo usisukumwe ndani na asiyekuwa daktari. Usipakwe majivu, mafuta wala dawa ya miti. Mtoto afunikwe sehemu ya chini ya mwili mpaka kifuani kwa plastiki safi nyembamba, kama ile ya kufunikia vyakula, ili maji na joto visitoke. Kitambaa kilicholowa humpoza. Juu yake avalishwe kofia, afunikwe vizuri, alazwe ubavu wa kulia ili mishipa ya utumbo isikunjike. Ikiwa kuna utando, usipasuliwe. Na asipewe kitu chochote mdomoni. Dripu na mrija wa tumbo awekewe pale kituoni kabla ya safari ikiwa wapo wa kuweka. Kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga upo mpango wa m-mama, na simu yake 115 hailipiwi.

Tumesema asipewe kitu mdomoni, na hapo panaingia suala la tahniki. Kumpaka mtoto tende iliyotafunwa ni sunna tuipendayo, na tunajua bibi atakuwa ameshaitayarisha. Kwa mtoto huyu iakhirishwe mpaka daktari aruhusu kunyonya, hata ikiwa ni baada ya mwezi. Sunna haikuwekwa ili imdhuru mtu, na anayeiakhirisha kwa udhuru, tunataraji ujira wake haupotei. Kuadhiniwa na kuombewa hakuna kizuizi. Muuguzi akatae au akubali, baba anaweza kuadhini kwa sauti ya chini dakika moja. Mama naye akamue maziwa yake tangu siku ya kwanza ili yasikauke, kwani mtoto atakapoanza kupokea, hakuna bora kuliko hayo. Akipewa maziwa ya mama mwengine wodini, hata kwa mrija, yaandikwe ni ya nani na mara ngapi: kwetu Mashafi maziwa yakifika tumboni mara tano za kutimia yanaleta undugu wa kunyonya, na huko mbele kuna kuoana.

Kuhusu asali, wapenzi wa tiba ya Mtume (s.a.w.) watafurahi kusikia kwamba madaktari katika nchi mbalimbali wametumia asali iliyotayarishwa kitabibu kuupaka utando wa omfaloseli kubwa, ngozi ikaota juu yake taratibu bila ya upasuaji wa haraka. Lakini hiyo ni asali iliyotakaswa, inapakwa na daktari, kwenye utando uliofumba. Haipakwi kwenye utumbo ulio wazi. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja halishwi asali, mzima wala mgonjwa, kwa sumu ya vijidudu inayoweza kumlegeza viungo na kumziba pumzi. Aya ya asali katika Suratun Nahl haipingani na hilo. Allah amesema ndani yake mna poza, hakusema kila mtu ainywe kila siku ya umri wake.

Suala la akika tumeliona likiwatia watu katika mashaka ya fedha. Familia ina pesa za mbuzi wawili, na mtoto anahitaji nauli ya kuvuka. Hapa hatuoni ikhtilafu: akika ni sunna, na wakati wake kwetu unaendelea mpaka mtoto abaleghe. Mbuzi wauzwe.

Mama wa miaka 18

Utafiti wa nchi nyingi umeonesha kuwa gastroskisisi huwapata zaidi watoto wa mama walio chini ya miaka 20. Chanzo chake hasa hakijathibitishwa. Uvutaji wa sigara umetajwa miongoni mwa vinavyoongeza hatari. Kupatwa kwa mwezi hakumo, jicho la hasidi halijathibiti, na zinaa haina uhusiano wowote na tundu la tumbo. Anayemtuhumu mwanamke uchafu kwa sababu ya umbo la mtoto wake anakaribia mlango wa kashfa ya zinaa ambayo adhabu yake imo katika Suratun Nur, viboko 80 kwa asiyeleta mashahidi wanne. Tunamwambia mzee yule, kwa heshima yake yote, aombe msamaha kwa msichana yule kabla ya Mola kumsimamisha naye.

Lakini angalieni jambo jengine. Kwa kuwa mama ni msichana mdogo, ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote chumbani. Amejifungua saa mbili zilizopita, ana damu, ana woga, na shauri la mwanawe linakatwa ukumbini na watu ambao hawajamuona mtoto. Mkunga ndiye aliyesema kweli usiku ule, na mkunga ni mwanamke kijana aliyeajiriwa juzi. Wenye elimu wakanyamazishwa na wenye umri. Hatusemi wazee wavunjiwe heshima; sisi wenyewe tumeshavuka 50. Tunasema katika jambo la tiba wenye kuulizwa ni wajuzi wake, na hilo ndilo agizo la Qur'an kwa asiyejua.

Hali hii huonekana kwa altrasaundi, kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 18 na 22, na Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito afanyiwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Faida yake ni kupanga pa kuzalia: karibu na daktari wa upasuaji. Hali hii peke yake haimlazimishi mama kupasuliwa.

Wapo waliotuuliza kama kipimo kikionesha hivyo inafaa kuitoa mimba. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 12 mwaka 1990, liliruhusu kabla ya siku 120 ikiwa kamati ya madaktari wajuzi waaminifu imethibitisha kasoro kubwa isiyotibika na wazazi wakaomba. Baada ya siku 120 liliruhusu kwa kuhofia uhai wa mama tu. Siku 120 ni kama wiki ya 19 kwa hesabu ya kliniki. Gastroskisisi inatibika, kwa hiyo kwa fahamu yetu haiingii katika ruhusa hiyo kabisa. Omfaloseli yenye kasoro nzito za pamoja itazamwe kila moja kwa hali yake, na mufti aketi na madaktari kabla hajasema.

Majengo tumeyaona

Tuseme haki. Takwimu za taifa za afya zinaonesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015–16 mpaka 43 katika ule wa 2022. Hiyo ni neema kubwa, na waliofanya kazi hiyo Allah awalipe. Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 25, vikawa 24. Chanjo na vyandarua vimewaokoa wakubwa kidogo. Mchanga wa siku moja amebaki pale pale. Nasi tunadhani sababu ni ile ile ya mtoto wetu: mchanga haokolewi na kitu kimoja kinachogawiwa kwa sanduku, anaokolewa na mnyororo, na mnyororo hukatikia pale penye kiungo dhaifu.

Hapa Zanzibar zimejengwa hospitali 10 za wilaya na moja ya mkoa katika miaka michache. Tumezipita, ni nzuri. Suali la sasa ni la ndani ya majengo: je, ipo dripu ya kichanga usiku wa Ijumaa? Yupo wa kuitia sindano kwenye mshipa mwembamba kama uzi? Upo mfuko wa kuning'iniza utumbo? Madaktari wa nchi zisizo na ule wa kiwandani wamewahi kutumia mfuko wa dripu au wa mkojo uliotakaswa, kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya fedha za Ulaya. Chakula cha mshipa ndicho cha ghali, nacho ndicho utafiti ule wa 2021 ulichokitaja miongoni mwa vinavyotenganisha wanaopona na wanaokufa.

Waislamu tumeshawahi kuyafanya haya. Sultani Qalawun alijenga hospitali ya Cairo mwaka 1284, ikaendeshwa kwa wakfu, akitibiwa tajiri na fakiri, mwanamume na mwanamke, bila ya kulipa. Sisi visiwani tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, tuna ndugu zetu Oman, Ghuba na Uingereza wanaotuma fedha za misikiti kila Ramadhani, na baadhi ya misikiti hiyo iko hatua mia kutoka msikiti mwengine. Hatumkatazi mtu kujenga nyumba ya Allah. Tunapendekeza mmoja tu, aliyekusudia msikiti wa pili wa mtaa huo huo, aweke wakfu nyumba ya kupangisha ambayo kodi yake itanunua chakula cha mshipa na nauli za watoto wachanga wa rufaa. Na zaka ya mali inafaa kumlipia mtoto wa fakiri au masikini tiba yake. Hao wamo katika makundi manane ya Suratut Tawba bila ya kuhitaji taawili yoyote. Wakaao visiwani kwa sensa ya 2022 ni 1,889,773. Watoto wa hali hii kwetu kwa mwaka ni wachache. Wakfu wa watu wachache unawatosha.

Jawabu la kijana wetu

Ewe mwanetu, hukuua. Kuchelewesha tiba kwa kutokujua, na kwa kushauriwa vibaya na uliowaamini, si kuua kwa kukusudia wala kwa kukosea katika maana ya kifiqhi. Huna diya wala kafara. Ukiona ulizembea katika saa zile, istighfari inatosha, na usiirudie hesabu ya saa hizo kila usiku, kwani huenda angefariki hata kama mngeondoka alfajiri ile. Lakini wazee waliosema "mwacheni" waambiwe hukumu hii, wasije wakaisema nyumba nyengine.

Mtoto alilia akiwa hai, kwa hiyo ana jina, ana mirathi, anaoshwa, anakafiniwa na kusaliwa. Umesema mliogopa kumuosha kwa hali ya utumbo wake mkamtayamamisha: mlifanya sawa, pale maji yanapohofiwa kuuharibu mwili. Akika kwa madhehebu yetu inapendeza hata kwa aliyekufa kabla ya siku ya saba, kama alivyoeleza Imam Nawawi, na Imam Malik ameona haipo. Mna hiari, wala msikope.

Mkeo mrudishe kliniki akapimwe kabla ya mimba nyengine, apewe vidonge vya foliki asidi kama wapewavyo wote, na akibeba afanyiwe altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kurudia kwa hali hii katika mimba inayofuata ni nadra. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, asiwe wa kusikia kutoka kwetu.

Wallahu aalam.